Kumshuhudia Kristo kwa Upole: Mwongozo Kamili kwa Mkristo wa Kawaida

Mtume Petro aliwaandikia Wakristo waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Walikuwa wachache, hawana cheo, na majirani waliwatazama kwa jicho la shaka. Hakuwaagiza wapande majukwaani. Aliwaambia wawe tayari siku zote kumjibu kila mtu atakayewauliza habari za tumaini lililo ndani yao, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Petro alitarajia kwamba wataulizwa. Alijua wakiishi alivyowafundisha, iko siku jirani atasogea na kusema: hivi ninyi mnawezaje?

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Maombi kwanza, kisha maisha yanayomfanya mtu aulize, kisha kusikiliza, na maneno baada ya hayo yote. Wengi wetu tumezoea kinyume chake: tunaanza na maneno, tena kwa spika. Wahubiri wa mikutano ya hadhara nawapenda, na Mungu amewatumia sana, lakini muuza mitumba, mwalimu, dereva wa bodaboda na mama wa nyumbani hawakuitwa jukwaani. Wameitwa kwenye ua wa nyumba ya kupanga, ambako familia nne zinachota maji bomba moja. Ninaandika kwa ajili yao.

Hatua ya kwanza: andika majina

Chukua daftari dogo, uandike majina ya watu watano hadi saba. Wawe watu unaokutana nao kweli kila wiki, si ndugu aliye Ulaya ambaye hamjaongea tangu harusi ya binamu yenu. Jirani, mwenzako kazini, mteja wako, shemeji. Wakizidi saba utaanza kuwataja kwa haraka kama mtu anayeita mahudhurio darasani.

Usiwaandike kama orodha ya wenye dhambi. Mbele ya kila jina andika jambo moja linalomhusu mtu huyo sasa hivi: mtoto anarudia mtihani, mgongo unamsumbua, mkataba wa kazi unaisha mwezi wa sita. Liombee hilo kwanza, kwa uzito uleule ambao ungeombea la kwako. Kisha omba amjue Kristo. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu maombi yanambadilisha anayeomba. Ukimwombea mtu mgongo wake kwa mwezi mzima, utakapokutana naye utamuuliza habari za mgongo, na atasikia katika sauti yako kwamba hujaigiza.

Wakati mzuri ni alfajiri, kabla hujashika simu. Dakika kumi na tano zinatosha kuanzia. Funga chakula siku moja kwa wiki kama afya yako inaruhusu, na usimtangazie mtu.

Jiombee na wewe. Paulo, akiwa kifungoni, aliwaomba Wakolosai wamwombee mlango. Mlango aliouomba ni wa neno, apate kuisema siri ya Kristo jinsi impasavyo kuisema (Wakolosai 4:3-4). Habari ya mlango wa gereza hata hakuitaja hapo. Kama mtume aliona anahitaji kuombewa ili aseme vizuri, mimi na wewe tunahitaji zaidi.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao matunda yake bado yako makanisani kwetu, una mzizi wake hapa. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe huko Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja wakasoma Maandiko na kuomba. Hapakuwa na umati. Kutoka hapo moto ulifika Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika.

Hatua ya pili: lipa madeni yako

Watu wa uamsho walijulikana kwa wimbo wa Tukutendereza, lakini majirani wasioamini waliwajua kwa jambo lingine: walirudisha vitu. Mtu aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyemdhulumu mwajiri wake alikwenda kukiri, akalipa. Kijiji kizima kiliona, na watu wakauliza.

Kwa hiyo kabla hujamshuhudia mtu yeyote, tembelea duka unalokopa. Lipa, au kama huna, nenda useme huna na utaje tarehe. Rudisha sufuria ya jirani. Peleka mchango wako wa kikoba siku iliyopangwa. Mlipe dada wa kazi mshahara wake wote bila kumzungusha, na uangalie unavyomwita, kwa sababu kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Jirani yako amekusikia ukimfokea binti wa watu saa kumi na mbili asubuhi; wimbo wa tenzi unaofuata saa moja hautamwingia.

Vivyo hivyo kelele za mikesha. Kama kikundi chenu cha maombi kinakutana nyumbani kwako, zima spika usiku, mwombe Mungu kwa sauti ya chumbani. Mama mwenye mtoto mchanga ukuta wa pili ni mmoja wa watu unaowaombea.

Na ukimkosea mtu, mwombe radhi waziwazi. "Nilikujibu vibaya jana. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Wengi hawajawahi kuombwa radhi na mtu mzima, sembuse na mtu anayejiita mtu wa Mungu.

Hatua ya tatu: uwepo

Msibani, fika siku ya kwanza na urudi ya kumi, wengine wakishaondoka. Siku ya kwanza bebeni maji, pangeni viti, osheni vyombo. Usihubiri juu ya moto wa jehanamu kwa mtu ambaye mama yake yuko ndani ya jeneza. Nimeona jambo hilo likifanyika na familia nzima ikaufunga moyo. Kaa kimya. Ayubu alikuwa na marafiki watatu, na siku saba za mwanzo, walipoketi naye chini bila kusema neno, ndizo walizofanya vizuri kuliko zote.

Akijifungua jirani, peleka mtori au uji. Mgonjwa akilazwa, uliza nani analala na watoto. Ramadhani ikifika, mtakie jirani Muislamu mfungo mwema, usile mbele yake ukitafuna kwa makusudi, na siku ya Idd pokea pilau lake kwa furaha. Krismasi mpelekee na wewe.

Hapa nataka kuwa mkali kidogo. Msaada usiwe chambo. Ukimpelekea mjane unga kisha ukamwambia Jumapili nakutegemea kanisani, umemnunua, na hata akija hujui amekuja kwa nani. Mpe unga kwa sababu ana njaa. Kama hatakuja kanisani maisha yake yote, unga ule bado ulikuwa sawa.

Hatua ya nne: sikiliza kuliko unavyosema

Bwana Yesu alipokutana na wale wawili njiani kuelekea Emau, aliwauliza wanazungumza nini. Wakashangaa kwamba hajui. Akauliza tena: mambo gani? Yeye aliyejua kila kitu aliwaacha wasimulie huzuni yao mpaka mwisho, ndipo akaanza kuwaeleza Maandiko (Luka 24). Filipo naye alipolikimbilia gari la Mwethiopia, alisikia kwanza mtu yule anasoma nini. Akauliza swali moja tu, kama anayaelewa anayoyasoma. Mwethiopia ndiye aliyemkaribisha apande (Matendo 8).

Mazungumzo yakigusa imani, haya ni maswali yanayofungua:

- Nyumbani kwenu mlilelewaje kidini?
- Ulipofiwa, nini kilikusaidia kusimama?
- Unapoomba, unamwomba nani, na unaona anakusikia?
- Kuna jambo la Wakristo linalokukwaza?

Hilo la mwisho linahitaji ujasiri, kwa sababu utajibiwa. Jipangie sharti moja: siku ya kwanza, usisahihishe chochote. Hata akisema jambo ambalo si kweli kuhusu kanisa, au akichanganya Agano la Kale na Jipya, acha lipite. Sema "endelea". Ukifika nyumbani andika aliyoyasema kwenye daftari lako na uyaombee. Atashangaa wiki ijayo ukimkumbusha.

Hatua ya tano: andaa ushuhuda wa dakika tatu

Siku itafika utaulizwa. Wengi wetu siku hiyo tunababaika, au tunafungulia mahubiri ya saa nzima. Kaa chini uandike. Yule kipofu wa Yohana 9 alipobanwa na wakuu hakujua kujibu hoja zao za dini, ila alisema neno moja alilolijua: alikuwa kipofu, na sasa anaona.

Andika hivyo. Nilikuwaje, Kristo alinikutaje, sasa ikoje, pamoja na yale ambayo bado hayajakaa sawa. Kisha futa maneno ambayo mtu wa nje hayaelewi: upako, kufunguliwa, viwango, kufunikwa kwa damu. Ni maneno yetu na tunayapenda, lakini kwa jirani ni kelele. Usikuze dhambi za zamani ili hadithi inoge. Kama ulilelewa kanisani na hujawahi kulewa, sema hivyo. Neema iliyomlinda mtu tangu utoto nayo ni neema.

Mfano wa ukubwa unaotosha:

"Baba alipofariki tuligombana juu ya shamba. Miaka miwili sikusalimiana na kaka yangu mkubwa, na kila Jumapili niko kwaya naimba. Siku moja nikasoma pale Yesu anaposema uache sadaka yako madhabahuni, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Nilikaa na neno hilo wiki nzima, silali. Nikamwomba anipe nguvu, nikaenda kwa kaka. Shamba hatujamaliza kuligawa mpaka leo, ila nalala usingizi, na kaka anakula kwangu. Hilo mimi nisingeliweza."

Kisha nyamaza. Usimalize kwa "na wewe je, uko tayari leo?" Mwache aliyeuliza aamue kama ana swali la pili.

Hatua ya sita: jibu maswali, mshawishi bila kumshinda

Paulo hakuona aibu kushawishi. Alisimama mbele ya mfalme Agripa akajenga hoja, mpaka Agripa akaona anataka kugeuzwa kuwa Mkristo kwa maneno machache. Upole haumaanishi kukosa hoja. Lakini pia Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mtumwa wa Bwana hapaswi kuwa mgomvi, bali mwanana kwa watu wote.

Tanzania tumeijua mihadhara: Biblia na Qurani juu ya meza moja, umati ukishangilia kila upande. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu mia mbili harudi nyumbani akitafakari, anarudi akitafuta hoja ya kulipiza. Jibu maswali mkiwa wawili, kwenye kivuli, na chai iwepo.

*Jirani Muislamu.* Yeye anamheshimu Nabii Isa bin Maryam na anaamini alizaliwa na bikira. Qurani ina sura nzima yenye jina la Maryam. Anachokikataa kwa nguvu ni wazo kwamba Mungu alizaa. Mwambie wazi kwamba na sisi hatuamini kuwa Mungu alikuwa na mke akapata mtoto kama wanadamu. Kisha mweleze tunachoamini: Neno wa Mungu, aliyekuwako tangu mwanzo, alifanyika mwili akakaa kwetu. Usimguse Mtume wake kwa neno baya, si mbele yake wala nyuma yake. Mwulize naye anaamini nini, na umsikilize kama unavyotaka akusikilize. Kuna tofauti ambazo chai haitazimaliza, hasa juu ya msalaba. Zikifika, ziseme kwa heshima na uziache pale.

*Aliyeumizwa na kanisa.* Watu wa namna hii ni wengi kuliko tunavyokubali. Mchungaji alimtoza sadaka ya kufungua kizazi, au mzee wa kanisa alimsengenya. Na tangu Aprili 2023, msitu wa Shakahola katika kaunti ya Kilifi ulipoanza kufukuliwa na zaidi ya miili 400 ikapatikana, ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu, mtu akikwambia anaogopa wahubiri ana sababu. Usimtetee mhubiri. Usiseme "hao si Wakristo wa kweli" haraka haraka, kana kwamba jambo limeisha. Sema ni uovu, na kwamba Kristo mwenyewe aliwakemea viongozi wa dini waliotwika watu mizigo mizito. Halafu mwonyeshe kwa matendo. Kamwe usimtenge na familia yake, usimwambie aache shule au kazi, na usimwombee mgonjwa kisha ukamwambia aache dawa. Anayetumia ARV au dawa za kisukari aendelee nazo, umwombee, na umsindikize kliniki.

*Anayeuliza kwa nini Mungu alimchukua mtoto wake.* Hapa sina hoja, na ninakusihi usitafute. Yesu alipokuwa akielekea kaburini kwa Lazaro alilia, ingawa alijua atakalolifanya dakika chache baadaye. Lia naye. Akikuuliza tena baada ya mwaka, msomee Yohana 11.

Usipojua jibu, sema hujui na utakwenda kuuliza. Kisha uende kweli, urudi na jibu.

Hatua ya saba: mwaliko mdogo

Tunakosea kuruka kutoka salamu hadi "njoo uokoke". Kati yake kuna ngazi nyingi fupi.

Ya kwanza ni kumwombea papo hapo. Akikueleza shida, mwulize: "Naweza kukuombea sasa hivi, kwa kifupi?" Akisema hapana, mshukuru tu. Akikubali, omba nusu dakika kwa lugha ya kawaida, umtaje kwa jina na shida yake kwa jina. Usipaze sauti, usimwekee mkono kichwani bila ruhusa, na usihubiri ndani ya maombi. Baada ya siku mbili tatu mwulize inaendeleaje.

Ya pili ni kusoma pamoja. Injili ya Marko ina sura 16 na inakwenda mbio. Sura moja kwa wiki, nusu saa, mahali anapochagua yeye. Msomaji awe yeye. Wewe uliza maswali mawili: umeona nini kuhusu Yesu, na kuna neno lolote linalokuhusu? Nimeona Maandiko yenyewe yakifanya kazi ambayo maelezo yangu yasingeifanya, hasa sura ya 5, yule mama aliyetokwa damu miaka 12 na kumaliza fedha zake zote kwa matabibu. Kila mama ninayemjua ana ndugu wa aina hiyo.

Ya tatu ndiyo ibada au jumuiya. Mwalike kwenye jumuiya ndogo ndogo au kikundi cha nyumbani kabla ya kanisa kubwa, mwendee mwenyewe, kaa naye, na uwaombe wenzako wasimsimamishe ajitambulishe.

Mipaka iko, na upole unadai tuiheshimu. Mwanamume asimfuate mke wa mtu nyumbani peke yake kwa jina la ushuhuda. Badala yake, mwombe mwanamke wa kanisani kwenu aende. Usimfundishe dini mtoto wa watu kwa siri, waombe wazazi ruhusa. Kama wewe ni bosi, mwalimu au muuguzi, kumbuka mtu aliye chini yako hana uhuru wa kukukatalia, kwa hiyo subiri yeye aulize. Na simu: mistari ya Biblia kila asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, ambalo liliundwa kwa ajili ya bili ya maji, inachosha watu. Ujumbe mmoja kwa mtu mmoja, "nimekukumbuka asubuhi ya leo katika maombi, mtihani wa Asha umekwendaje?", unafika mbali zaidi.

Hatua ya nane: ukikataliwa, kaa

Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mmisionari mwenzake Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakahamia Rabai. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuamini alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu wa viungo, naye alifariki mapema. Rebmann alibaki pwani mpaka 1875, karibu miaka 30, akiwa na waumini wachache wa kuhesabika.

Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda, alivuka kwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo, mwaka 1896. Chifu Tabaro aliwakataza watu wasimpe chakula. Dada wa chifu alipofariki kwa ajali ya mkuki, Apolo alisingiziwa, akapigwa, akafungwa. Alipoachiliwa, alirudi Mboga palepale. Baadaye Tabaro huyohuyo akabatizwa. Apolo alifariki Mboga mwaka 1933, na kwa ombi lake mwenyewe alizikwa kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa haijafika.

Jirani akikuambia "habari za dini basi", basi. Usilete tena mpaka yeye alete. Ila endelea kumsalimia, kumwazima ngazi, kufika msibani kwake, na jina lake libaki kwenye daftari. Akihisi umepungua upendo kwa sababu alikataa, atajua ulikuwa unamwinda.

Hatua ya tisa: akiamini

Usimkimbize ubatizoni kesho yake ili upate cha kusimulia Jumapili. Zungumza na mchungaji, padri au katekista wako kuhusu mafundisho, na uyahudhurie pamoja naye, hata kama wewe uliyamaliza zamani. Miezi ya kwanza ndiyo migumu: marafiki wa zamani wanamcheka, na yeye mwenyewe anashangaa kwamba hasira zake hazijaisha. Mpigie simu katikati ya wiki.

Kama familia yake ni ya imani nyingine, muwe na busara maradufu. Mtie moyo awaheshimu wazazi wake kuliko hata zamani, awasaidie, asirushe maneno juu ya dini yao. Yeye ndiye achague lini na vipi awaambie. Si wewe, wala si mtu mwenye simu anayerekodi video ya ubatizo. Akifukuzwa nyumbani, kanisa liwe tayari na mahali pa kulala na chakula kabla siku hiyo haijafika, kwa hiyo liongeeni na wazee mapema.

Kisha mpe naye daftari, aandike majina yake matano. Baba na mama yake wawe wa kwanza.